Mbelewele za Siku ya Msiba

Juma lile sikukaa kitako. Nikikaa nasimama, nikisimama nakwenda mlangoni, nikifika mlangoni nasahau kilichonipeleka. Mjukuu wangu Mackrine alikuwa na masuke sitini ya ngano yanayosubiri mume, na mume mwenyewe alikuwa kwenye kibanja changu, shamba la nyumbani hapa Chonyonyo, anatikiswa na upepo bila haraka yoyote.

Najua mtacheka. Ngano Karagwe? Hata mimi nilicheka. Huku kwetu ngano tunaijua ikishakuwa andazi. Lakini Mackrine, mtoto wa binti yangu Salvina, aliisomea ngano mpaka Morogoro, na kituo chake kikamleta upande wa Kiruruma kwa sababu mbili: ubaridi upo wa kutosha, na hakuna shamba la ngano jirani la kuviambukiza vyungu vyake ugonjwa wa kutu. Pale ana nyumba ya nailoni, na nyuma yake chumba kidogo chenye hadubini na chupa za jeli anamolelea miche.

Siku ya kwanza aliponieleza kazi yake sikuambulia kitu. Nikamwambia, mimi niliishia darasa la saba, kinachozidi hapo lazima kinijie kwa kitendawili.

"Haya, Bibi. Kitendawili!"

"Tega."

"Bwana harusi kaja, kakaribishwa vizuri. Baada ya siku mbili tatu kaondoka na kila kitu chake, mpaka kivuli. Bibi harusi kabaki na mimba, na mtoto hana hata ukucha wa baba."

Nikafikiri. Nikataja wanaume watatu wa hapa kijijini. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nipe mji, Bibi."

"Nakupa Bukoba."

"Nimekwenda Bukoba, nimekula senene, nimerudi. Bibi harusi ni ngano, bwana harusi ni mahindi."

Hapo nikaelewa. Ngano ukiipaka chavua ya mahindi inashika mimba. Ila hawa wawili si wa ukoo mmoja, na ndani ya siku chache kila kilichotoka kwa mahindi kinatupwa nje, kinabaki cha mama peke yake. Mtoto huyo ni nusu. Ngano nyingine ina kromosomu arobaini na mbili, yeye ana ishirini na moja. Mackrine anamwita haploidi. Punje anamokaa haina unga, kwa hiyo anatolewa humo kabla hajafa njaa, analelewa kwenye jeli, na akishakuwa mche ananyweshwa dawa inayoirudufisha ile nusu yake ikawa nzima. Akifika hapo hageuki tena. Utampanda leo, utampanda miaka kumi ijayo, ni yule yule. Kwa njia ya zamani mtafiti anapanda na kuchagua miaka sita, saba, ndipo apate mbegu iliyotulia hivyo. Kwa njia hii ni mwaka mmoja na kidogo.

"Sasa shida iko wapi?" nilimuuliza.

"Watoto ni wachache, Bibi. Katika maua mia moja napata vitoto vitano, sita. Kituo hakiwezi kulipia chumba kizima kwa vitoto sita."

Basi mwaka jana alikuja kunisalimia wakati mahindi yangu yamechanua. Haya ni mahindi ya zamani, aliniachia mama mkwe, mbegu yake naitundika juu ya jiko moshi uilinde. Mackrine alichukua mbelewele zake chache, yale maua ya kileleni yenye chavua, kwa kujaribu tu. Katika maua mia akapata vitoto kumi na nane. Akarudia, akapata kumi na tisa. Mkubwa wake, Daktari Elpidius, mtu wa Muleba, mpole lakini mgumu, akamwambia: mara mbili inaweza kuwa bahati, nionyeshe mara ya tatu, kwa masuke sitini, usipungue vitoto kumi na tano katika maua mia. Ukipungua, chumba kinakwenda kwa watu wa migomba.

Mara ya tatu ndiyo ilikuwa juma lile.

Mbegu yangu alikuwa ameipanda kituoni pia, lakini viwavijeshi viliingia kwenye mioyo ya mimea vikazitafuna mbelewele zikiwa bado tumboni. Yangu yalipona kwa sababu kila mmea niliutilia majivu moyoni, mmoja mmoja, mgongo ukiniuma. Basi ikabaki mimi tu.

Jumatatu kutwa Mackrine alikaa na kibano, anazifungua ngano na kuzitoa sehemu za kiume kabla hazijapasuka, ili ngano isijizalishe yenyewe. Kila suke akalivika kifuko cha karatasi. Jioni akanipigia simu.

"Jumatano asubuhi ndiyo siku yenyewe. Alhamisi bado inashika. Ijumaa, Bibi, hakuna kitu tena."

"Jumatano nitakuwa nayo," nikamwambia. "Lala."

Yeye alilala. Mimi sikulala.

Jumanne saa nne asubuhi nikasikia yowe kutoka kwa Rwezaura, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mzee alikuwa hospitali juma zima, na yowe lile halikuhitaji tafsiri. Nikaweka mikono kichwani, nikalia. Kisha, Mungu anisamehe, katikati ya kulia nikageuka kutazama mahindi.

Kwetu, mtu akiwa hajazikwa, jembe halitoki ndani. Hulimi, hupalilii, huchumi kahawa. Huingii shambani ila kwa kukata ndizi za kulisha waombolezaji, au majani ya mifugo. Na mimi si mtu wa kuidharau desturi hiyo. Mume wangu Rwegasira alipokuwa bado amelala ndani, hajazikwa, kuna mtu alilima ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nimekaa chini na kanga kichwani, nikalisikia lile jembe, ti, ti, ti, kila pigo likisema kwa fulani siku inaendelea kama kawaida. Mwaka wa ishirini huu, bado nalisikia. Ndiyo maana chama chetu cha kuzikana kilipoiandika desturi ile iwe sheria, mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu.

Lakini sheria inaanza mwenyekiti Deodatus akishapita nyumba kwa nyumba kutangaza, na Deodatus ana goti bovu, na siku zote huanzia nyumba za chini. Nikapiga hesabu. Nilikuwa na nusu saa.

Nikachukua ungo, nikaingia kwenye mahindi, nikaziinamisha mbelewele moja baada ya nyingine na kuzikung'uta. Vumbi la manjano likashuka kama unga wa dona. Nikapata kiasi cha kikombe kidogo. Nilipotoka, Deodatus alikuwa anapiga hodi. Nikamkaribisha na ungo nyuma ya mgongo, kama mwizi.

Sasa kosa langu. Sisi ni watu wa kahawa. Mtoto wa hapa kabla hajajua kusoma anajua kwamba kitu kibichi hakiwekwi, kinaanikwa kwanza. Kahawa tunaanika, maharage tunaanika, ndizi za kuivisha hatuziweki penye unyevu. Vumbi lile nililiona lina ubichi ubichi. Nikalitandaza kwenye mkeka wa kahawa, juani, saa sita mchana, nikaweka mawe pembeni upepo usilibebe. Jioni lilikuwa limekauka safi, linateleza kwenye vidole. Nikalifunga kwenye karatasi, nikampa Niyitegeka wa bodaboda, alfajiri ya Jumatano akaliwasilisha. Nikaenda msibani nikiwa nimejisifu moyoni.

Saa tatu simu ikalia.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekipata kifurushi?"

"Nimekipata." Nikasikia karatasi inafunguliwa. "Bibi, hii umeianika?"

"Nimeianika vizuri sana. Jua la saa sita."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Bibi, chavua ya mahindi haianikwi. Ikishatoka kwenye mbelewele ina saa moja, mbili, kwenye jua hata robo saa haifiki. Hii imekufa jana."

"Yote?"

"Yote."

Nilikuwa nimesimama nje ya uzio wa marehemu, wanawake wanamenya ndizi, mimi nimeshika simu kama kaa la moto.

"Usilie, Mackrine."

"Silii, Bibi." Alikuwa analia. "Bado kesho. Lakini kesho nataka mbelewele zenyewe, zikatwe asubuhi na mabua yake, zije zikiwa hai. Mazishi ni lini?"

"Ijumaa. Wanamsubiri binti yake, Placidia, atoke Dar."

Hesabu hata yeye alikuwa ameiona.

Saa nzima nilizunguka ule uwanja. Nikachota maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Nikapanga kuni zilizokuwa zimepangwa. Kuingia tena shambani kwa kujificha sikuweza. Safari hii Deodatus alikwishapita, na hata asingepita, lile jembe la ng'ambo ya bonde lilikuwa linanigonga kifuani. Nikaona hakuna njia ila kwenda kwa mwenye msiba.

Mjane, Anonciata, alikuwa amekaa kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, mgongo ukutani, wanawake wamemzunguka. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama Placidia, pole. Nimekuja na jambo la aibu. Ukinifukuza nitaondoka."

"Kwa umri wako una aibu gani tena, Mama Salvina? Sema."

Nikasema. Nikaanza na ngano, nikaja kwenye masuke sitini, nikaja kwenye Alhamisi ya mwisho. Na la Jumanne sikulificha: ungo, nusu saa, mkeka wa kahawa.

Prudensia, mke wa mwenye duka, akapiga makofi. "Kumbe! Ndiyo maana jana ulichelewa kulia! Sisi tunasema Mama Salvina amevunjika miguu kwa uchungu, yeye yuko kwenye mahindi anafungisha ndoa!"

Wanawake wakacheka ndani ya kanga zao, kicheko cha msibani kile kinachotoka puani. Lakini Deodatus alikuwa amefika mlangoni, na yeye hakucheka.

"Mama Salvina," alisema, "sheria hii ulinyoosha mkono wewe wa kwanza. Mwaka juzi Protase alipalilia maharage kabla hatujazika. Tulimtenga mpaka alipokuja na mikungu yake ya ndizi kuomba radhi. Alisema palizi haingoji. Wewe unasema mahindi hayangoji. Kesho mwingine atasema kahawa haingoji. Hebu niambie, hapa kijijini ni nani anayengoja?"

"Marehemu ndiye anangoja," mzee mmoja akasema kutoka nje.

"Basi na sisi tumngojee."

Angekuwa anasema upuuzi ningemjibu, mdomo ninao. Alikuwa anasema kweli. Nikaanza kuinuka, magoti yanalia.

"Kaa kwanza," Anonciata akasema. Aliniangalia kwa macho yaliyovimba. "Hizo mbelewele. Ng'ombe anazila?"

"Anazila kama sukari."

"Rwezaura jana alfajiri hakuuliza habari yangu. Nimekaa naye miaka arobaini na moja, neno lake la mwisho kwangu kwenye simu ni, Bihogo amekula?" Akatikisa kichwa. "Na huyo Bihogo, ng'ombe wake, tangu jana anakula maganda ya ndizi tu, kila mtu yuko kwenye masufuria. Deodatus, majani ya mifugo yamekatazwa?"

"Hayajakatazwa. Mnyama hajui msiba."

"Basi Mama Salvina amkatie Bihogo mbelewele kesho asubuhi. Zikipitia Kiruruma kusalimia kwanza, mimi sioni ubaya. Ili mradi zirudi."

Deodatus alikuna kidevu muda mrefu. Niliitazama ile mikono yake kama mtu anayengoja hukumu, na kweli nilikuwa nangoja.

"Kwa kisu," alisema mwishowe. "Jembe lisionekane. Unapita hapa mbele ukienda, watu waone ulichobeba. Unapita hapa ukirudi. Na kabla ya saa sita mchana zote ziwe ndani ya hori la Bihogo. Hata moja isibaki huko kwa wasomi."

"Kabla ya saa sita," nikasema. "Neno langu."

Alhamisi alfajiri mvua ikaanza kunyunya.

Mvua ndogo, ile ya kuudhi, isiyojaza ndoo wala kukatika. Nikampigia Mackrine. Akasema chavua ikilowa inapasuka, haifai. Nikate zile mbelewele ambazo hazijafunguka bado, nizikung'ute maji, nizifunike na majani makavu ya mgomba, zitafungukia kwake ndani ya nailoni kwenye joto.

Nikaingia na kisu. Nikakata mmea mmoja, nikasimama. Mahindi yangu ndiyo kwanza yalikuwa yametoa nywele. Ukilikata kichwa kabla halijamwagia nywele zake, gunzi linazaa mapengo kama kinywa changu. Mbegu ya mama mkwe. Nikaacha mistari miwili ya upande wa uzio, kwenye iliyobaki nikakata kila mbelewele iliyokuwa haijafunguka, haraka, bila kuitazama usoni.

Niyitegeka alifika na koti la mvua. Akaona mafurushi mawili.

"Bibi, leo tunaoa?"

"Tunaoa. Funga vizuri, bwana harusi asidondoke njiani."

"Na mahari?"

"Mahari ni wewe kutoniangusha."

Tukapita mbele ya msiba polepole, kama alivyotaka mwenyekiti. Wanaume chini ya turubai wakageuka wote. Kikongwe cha miaka sabini na tatu, juu ya pikipiki, kimekumbatia mbelewele, siku ya msiba wa jirani. Nikashusha macho. Kisha tukaingia kwenye utelezi, na huko sikuwa na nafasi ya kuona aibu. Mara mbili tulilala upande, mara moja nikashuka kusukuma.

Kituoni Mackrine alikuwa amesimama kwenye geti, hana mwavuli. Akazipokea, akazipangusa, akazisimamisha kwenye ndoo za maji ndani ya nyumba ya nailoni, chini yake ametandika karatasi nyeusi. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Tukangoja.

Sijawahi kungoja vile hata leba. Saa tatu, hakuna kitu. Saa nne Mackrine akagonga mbelewele moja kwa kidole: karatasi nyeusi tupu. Akakagua kipimo cha joto, akafunga dirisha, akalifungua. Mimi nikazunguka kati ya vyungu vya ngano. Masuke sitini yamevaa vifuko vyao, yamenyamaza kama wanafunzi wa komunyo ya kwanza.

"Bibi, kaa."

"Kaa wewe."

Hakuna aliyekaa. Saa tano Niyitegeka akachungulia mlangoni, akasema njia imeharibika, tukitaka kuwahi saa sita tuondoke sasa hivi. Saa tano na robo simu ikalia. Deodatus.

"Mama Salvina. Bihogo anauliza."

"Mwambie bwana harusi anavaa viatu."

Hakucheka. "Saa sita, mama," alisema, akakata.

Saa tano na nusu jua likatoboa wingu, na nailoni yote ikang'aa. Mackrine akagonga tena. Nikaona kwenye karatasi nyeusi kama mtu amepuliza poda. Akagonga nyingine. Likashuka vumbi la manjano, jingi, hai.

"Fungua vifuko, Bibi! Kimoja kimoja, usishike ua!"

Nikafungua. Yeye alikuja nyuma yangu na brashi laini, anapaka, ananyamaza, anapaka. Chavua ikiisha kwenye karatasi anagonga mbelewele nyingine. Tulipofika suke la thelathini na tano nikatazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika kumi. Kuwahi kulikwisha, kilichobaki ni kuchelewa kidogo au kuchelewa sana.

Mackrine aliona nimetazama.

"Nenda, Bibi. Chukua mbelewele urudi. Nitaishia hapa."

"Yakibaki ishirini na tano itakuwaje?"

"Daktari alisema sitini. Nikimpa nusu atasema ni bahati tena."

Nilikuwa nimetoa neno langu mbele ya mjane, mbele ya kijiji, kwa sheria niliyoinyooshea mkono. Nikamwona Anonciata mgongo ukutani. Nikayaona masuke ishirini na tano ambayo kesho yangekuwa nyasi tu. Nikafungua kifuko cha thelathini na sita.

"Paka," nikamwambia.

Tuliondoka saa sita na dakika ishirini, na mbelewele zote, nimezihesabu mafurushi, hakuna hata moja iliyobaki kwa wasomi. Niyitegeka aliendesha kama anafukuzwa. Tulipoingia kwa Rwezaura ilikuwa saa saba na nusu, na Deodatus alikuwa amesimama kando ya hori amekunja mikono.

Sikujitetea. Nikabeba furushi la kwanza mwenyewe, nikamwaga. Bihogo akaingiza pua, akatafuna kwa kelele, chavua iliyobaki ikampaka manjano mpaka machoni. Watu walikuwa wametukusanyikia.

"Nilisema saa sita," Deodatus alisema.

"Ulisema. Saa sita niliiona ikipita, na nikakaa. Sikuchelewa kwa mvua wala kwa matope. Nilichagua."

Wanaume wakanong'ona. Deodatus akageuka kumtazama Anonciata, aliyekuwa ametoka ameegemea mlango.

"Mwenye msiba ni wewe. Nisemeje?"

Anonciata alimwangalia ng'ombe, akaniangalia mimi niliyelowa matope mpaka magotini.

"Mpaka matanga yatakapoanuliwa," alisema, "Bihogo ni mkwe wako, Mama Salvina. Asubuhi majani, jioni majani. Na ukichelewa hata dakika moja nitakuja kukulilia mlangoni kwako."

"Haki," akasema Deodatus, akatoa mikono yake kifuani. Prudensia akaongeza kwamba mkwe huyu ana tumbo kubwa, nijipange.

Ijumaa tulimzika Rwezaura. Placidia alifika saa nne na macho mekundu ya basi. Siku zote za matanga nilikata majani mara mbili kwa siku, na jirani yeyote aliyenikuta njiani na mzigo kichwani aliniuliza mkwe hajambo.

Siku ya kumi na sita nilikwenda Kiruruma. Sikuitwa, sikuweza tu kukaa nyumbani. Daktari Elpidius alikuwa tayari ndani ya kile chumba kidogo, miwani puani, daftari mkononi. Mackrine hakuniangalia. Akachukua suke la kwanza, akatoa punje, akaipasua chini ya hadubini kwa sindano. Ilitoka tone la maji.

"Tupu," alisema.

Nyingine, tupu. Suke zima, maua ishirini, punje kumi na tano, tupu. Suke la pili, tupu. Daktari akaandika. Nikawaza zile ndizo za mwanzo, labda chavua ilikuwa bado ina unyevu. Nikawaza labda mtu anayevunja neno lake msibani hapewi kitu.

Suke la tatu. Punje ya kwanza, tupu. Ya pili, Mackrine akasimamisha sindano.

"Bibi. Njoo uone."

Niliinama kwenye lile jicho la chuma. Ndani ya maji kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kuliko yai la chawa, kinaelea peke yake. Nilipozuia pumzi ndipo nilipokiona vizuri.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye. Nusu yako."

Akamtoa kwa ncha ya sindano, akamlaza kwenye jeli. Punje ya nne, mwingine. Suke lile lilitoa wanne, la nne saba, la tano sita. Daktari akajumlisha: kumi na saba katika maua mia ya kwanza. "Endelea," alisema, "yote sitini."

Tukaendelea. Mimi nilikuwa nampa suke, yeye anapasua, Daktari anaandika, hakuna aliyekula. Kuna masuke yaliyotoa mmoja, kuna yaliyotoa wanane. Yale ishirini na tano ya mwisho niliyajua kwa alama ya uzi, na kila moja lilipofika zamu yake nilisogelea meza. Saa kumi alasiri suke la sitini likaisha. Daktari alipiga hesabu mara mbili, kwa kalamu na kwa simu. Katika kila maua mia, vitoto kumi na sita na kidogo.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Migomba itatafutiwa chumba kingine," alisema, akatoka.

Mackrine hakupiga vigelegele. Alikuwa ameshika trei ya mwisho ya chupa. Alisema vitoto hivi kwa wiki chache za mwanzo havitaki mwanga, niufunge mlango na kushusha pazia. Nikafunga, nikashusha. Tukabaki humo gizani na vile vitu vidogo visivyotoa sauti, tunasikilizana pumzi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka.